Mabadiliko ya sera yaandikwe, jamani

Habari zenu wote, naona maswali humu yanarudi palepale, sera ya kazini imebadilika na wafanyakazi wanasema hawakujua. Kutangaza kikaoni tu haitoshi, kuna aliyekuwa likizo, kuna wa zamu ya usiku, kesho kila mtu anakumbuka lake. Andikeni. Na mkiandika anzeni na kilichobadilika chenyewe, sio aya tatu za utangulizi, semeni zamani ilikuwa hivi sasa ni hivi, inaanza lini, inamhusu nani na kwa nini, hiyo sababu msiiruke kabisa maana mtu asipopewa anaitunga mwenyewe na ikishasambaa huirudishi. Wekeni pia jina la mtu wa kuulizwa.

Kama inagusa mshahara, masaa au likizo msiitume siku moja kabla, watu wana familia na mipango yao, na someni kwanza mkataba unasemaje kwa sababu mengine hayabadilishwi bila mfanyakazi kukubali. Halafu ile sahihi ya kupokea barua inaonyesha kaipata tu, haimaanishi kakubali, msichanganye hayo.

Mwenye rasimu aitume humu leo jioni tuipitie pamoja, ila futeni majina ya watu kwanza.