Barua kwa Mwanangu Aliyeko Makutupora

Kongwa, Januari 2026

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Mbukwa. Hapa nyumbani sote wazima. Mvua zilichelewa lakini sasa zimeshika, na mama yako yuko kwenye palizi tangu Jumatatu. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, kisha nikamsomea na yeye jioni.

Siku ile nilipokusindikiza stendi uliniuliza, "Baba, nikiajiriwa jeshini halafu nikapangwa Kongo, nitakuwa napigana na nani?" Nikakujibu, "Na waasi." Basi likaja, ukapanda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia jibu lile usiku, na aibu inanishika. Mtu aliyefundisha jiografia miaka 31 hawezi kumjibu mwanawe kwa neno moja juu ya jambo linaloweza kuchukua uhai wake. Sasa nina karatasi na nina muda, na wewe huko kambini huna simu ya kukukatiza.

Nianze na hapa kwetu. Unayajua yale majengo ya zamani yaliyoachwa na Waingereza. Walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947, ukawafia mwaka 1951. Mwaka 1964 eneo lile wakapewa wapigania uhuru. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nawakumbuka: FRELIMO wa Msumbiji, ambao Samora Machel aliwahi kuwaongoza kambini hapa, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe. Walichota maji tulikochota sisi. Walijifunza Kiswahili kwa mama zetu waliokuwa wakiwauzia maziwa. Kwetu sisi watoto, mkoloni alikuwa upande ule, na wageni wetu nasi tulikuwa upande huu. Nilikua nikiamini kwamba ukishamjua rafiki yako, vita umeshavielewa.

Kongo ndiyo iliyonitoa kwenye imani hiyo. Mwaka 1996 Rwanda na Uganda zilimbeba Laurent Kabila, ambaye alikuwa ameishi kwetu Tanzania miaka mingi, mpaka Rais Mobutu akang'oka Mei 1997 na Kabila akaishika nchi. Mkuu wa majeshi wa Kabila akawa Mnyarwanda, James Kabarebe. Haukupita muda mrefu, Kabila akawataka Wanyarwanda waondoke. Agosti 1998 Kabarebe yuleyule akatua na askari wake Kitona, kule karibu na bahari ya Atlantiki, kuupiga utawala ambao wiki chache nyuma alikuwa analiongoza jeshi lake. Angola, Zimbabwe na Namibia zikaingia kumwokoa Kabila. Nilipozisikia zile nchi tatu zikitajwa redioni niliwakumbuka wale vijana wa kambini. Kisha Juni 2000 Rwanda na Uganda, zilizokuwa zimeingia Kongo pamoja, zikapigana zenyewe kwa zenyewe siku 6 ndani ya mji wa Kisangani, wenyeji wakiwa wamelala sakafuni, risasi na makombora yakipita juu ya nyumba zao. Siku hiyo nilizima redio nikaenda kukaa nje.

Wale waasi niliokutajia stendi ni hasa hawa M23, wa mashariki ya Kongo. Wamelichukua jina lao kwenye mkataba wa Machi 23, 2009, ambao wao wanasema serikali ya Kinshasa haikuutimiza. Novemba 2012 waliiteka Goma, mji mkubwa wa mashariki, wakakaa siku 10 hivi, wakatoka kwa shinikizo. Machi mwaka uliofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaunda kikosi ambacho, tofauti na vikosi vingine vya kulinda amani, kilipewa ruhusa ya kushambulia. Kilikuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Kufika Novemba 2013 M23 walikuwa wamevunjika na kukimbilia Uganda na Rwanda. Ulikuwa mtoto bado, lakini huenda unakumbuka jinsi baba zako wadogo walivyopiga kelele hapa uani kama timu imefunga bao.

Nilishangilia pia. Lakini nilipotulia niliona kwamba bunduki peke yake haikutosha. Mwaka ule wafadhili walikuwa wameibana Rwanda, wengine wamesimamisha misaada. Umoja wa Mataifa ulikuwa na helikopta za mashambulizi, na jeshi la Kongo lenyewe lilipigana vizuri kuliko ilivyozoeleka. Mambo hayo yalikaa pamoja kwa miezi michache, na ushindi ukatokea humo. Hayakukaa pamoja tena.

Desemba 7, 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kwa usiku mmoja kwenye kambi yao ya Semuliki, wilaya ya Beni. Waliowaua hawakuwa M23. Walikuwa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Nakutajia hili kwa sababu ukipelekwa mashariki ya Kongo utakuta makundi mengi, na anayemlenga jirani yako leo anaweza asijue hata jina la yule aliyemlenga jana.

Mwishoni mwa 2021 M23 wakaibuka upya. Kuanzia hapo fuatilia polepole. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo jumuiya ikapeleka jeshi la pamoja, Wakenya wakiliongoza. Kinshasa ilitaka jeshi lile lishambulie. Wenye jeshi walisema wamekuja kutenganisha. Wakongo wakaandamana kulipinga, na Desemba 2023 likafungasha. Mwezi huohuo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaingia: Afrika Kusini, Malawi na sisi, nchi zilezile tatu za 2013. Burundi ikabaki kwa makubaliano yake na Kinshasa, na Januari 2024 ikafunga mpaka wake na Rwanda. Uganda nayo tangu Novemba 2021 inawasaka ADF bega kwa bega na jeshi la Kongo, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakiripoti kwamba imewasaidia M23 pia. Uganda inakanusha.

Rwanda nayo inakanusha. Wataalamu haohao waliandika mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Kongo pamoja na M23. Kigali inasema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lililotokana na waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na ni kweli kwamba wataalamu wameripoti jeshi la Kongo kushirikiana na FDLR. Halafu kuna Rubaya, milima ya madini ya koltani yanayoingia kwenye simu za dunia nzima, ambayo M23 waliikamata Aprili 2024 na sasa wanatoza ushuru wa madini hayo. Mimi uoga wa Rwanda juu ya FDLR siudharau. Lakini uoga wa FDLR hautozi ushuru wa madini, na hapo ndipo ninaposimama mimi baba yako.

Tazama na watu. Corneille Nangaa alikuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, ndiye aliyemtangaza Tshisekedi, rais wa Kongo, mshindi Januari 2019. Desemba 2023 alikwenda Nairobi akaunda muungano pamoja na M23 wa kumng'oa Tshisekedi huyohuyo. Joseph Kabila, mwana wa yule Laurent, aliyekuwa rais wakati askari wetu wanawavunja M23, Mei 2025 aliingia Goma ikiwa mikononi mwa M23, na Septemba mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ikamhukumu kifo akiwa hayupo. Yule tuliyempigania mwaka 2013 na wale tuliompigania dhidi yao, mwaka jana walikuwa mji mmoja. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa nakunywa chai, nikaiacha ikapoa.

Sasa nije kwenye Goma, kwa sababu hapo ndipo roho inaponiuma. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia tena mjini. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika siku zile. Sisi tulitangaziwa wawili. Mamluki wa Kiromania karibu 300, waliokuwa wamekodiwa na Kinshasa, walisalimu amri wakavushwa mpaka hadi Rwanda. Askari wa SADC wakabaki kambini mwao Goma na Sake, silaha wanazo, lakini uwanja wa ndege na barabara viko mikononi mwa waliokwenda kupigana nao. Februari 8 marais walikutana Dar es Salaam, Kagame wa Rwanda akiwa ukumbini na Tshisekedi akishiriki kwa njia ya mtandao, na bado katikati ya mwezi mji wa Bukavu nao ukaanguka. Machi 13 SADC ikakatisha kazi ya kikosi chake.

Unamjua jirani yetu wa nyumba yenye bati jekundu. Mwanawe alikuwa huko. Wiki hizo mama yule alikuja hapa karibu kila jioni kusikiliza taarifa ya habari, kwa sababu redio yake ilikuwa inakatakata, na alikuwa hasemi kitu. Anakaa kwenye kigoda, anasikiliza, anaaga. Mwishoni mwa Aprili tukasikia msafara wa kwanza umeondoka. Unajua walipita wapi? Walivuka Gisenyi wakaikatiza Rwanda nzima, wakaingia kwetu, wakakusanyika Chato. Walirudi kupitia nchi inayoshutumiwa kuwasaidia waliokuwa wanapigana nao, na nchi ile iliwapa njia. Nilitandika ramani mezani nikamwonyesha mama yule barabara kwa kidole. Akauliza, "Mwalimu, sasa hao si ndio adui?" Nikakosa la kumjibu, mwanangu.

Nimetafuta jibu kwenye jambo ninalolijua. Mwaka 1978 Amin alipoingia Kagera, Mwalimu Nyerere alituambia uwezo wa kumpiga tunao, sababu za kumpiga tunazo, na nia ya kumpiga tunayo. Mjomba wako alikwenda vita ile, na hakuna askari aliyehitaji kuelezwa sababu: nyumba zilizochomwa zilikuwa zetu. Kongo kila aliyeingia ana sababu yake, hata wanapovaa beji moja begani. Malawi ilitangaza kujiandaa kuondoka siku chache tu baada ya Goma kuanguka. Uwezo wa kikosi haukufika kilichopangwa. Na sisi? Twende Kibaigwa ukaone. Malori ya Kigali, ya Bujumbura na ya Kongo yanaegeshwa pamoja kando ya barabara, madereva wanakula ugali sinia moja. Mizigo ya wote hao inatoka bandari ya Dar es Salaam. Nchi yetu haiwezi kuwa adui wa kudumu wa yeyote kati yao, na silalamiki, ni hali yetu tu. Lakini mtoto wa mtu anayepelekwa mstari wa mbele anastahili kuambiwa hivyo kabla, na nchi inayomtuma inapaswa kuwa imeshajua atarudi kwa barabara ipi.

Mazungumzo nayo yamehama. Angola ilisimamia upatanishi kwa miaka kadhaa, kisha Machi 2025 Tshisekedi na Kagame wakaonekana ghafla Doha, mikononi mwa Qatar. Marekani ikaja na hamu ya madini ya Kongo. Desemba 4 marais wale wawili walitia saini Washington, mbele ya Trump. Siku 6 baadaye M23 walikuwa Uvira, ziwani kabisa, ng'ambo ya Bujumbura, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Marekani ilipokemea, M23 wakatangaza kuondoka mjini.

Kwa hiyo, mama yangu, jibu la swali lako ni hili: sijui utapigana na nani, kwa sababu wanaokutuma wenyewe wanaweza wasijue mwaka utakaofika. Kila utakapopewa jina la adui, muulize afande wako, kwa adabu, kwamba tumekuja kwa sababu gani na tukimaliza tunatoka kwa njia ipi.

Kwenye barua yako umeandika juu ya mwenzio wa Ngara, kwamba wasichana wengine kombania wanamwita Mnyarwanda kwa sababu ya urefu wake na jinsi anavyotamka, na kwamba tangu habari za Uvira hakuna anayetaka kulala kitanda cha jirani naye. Umesema wewe "huingilii". Hapo umeniumiza. Hamisha kitanda chako leo. Mpaka wa Ngara ulichorwa na Wazungu, na bibi yake hakushauriwa. Kama Kabarebe na Kabila waliweza kuwa ndugu na maadui ndani ya miezi michache, utampimaje binti wa miaka 19 kwa pua yake? Niandikie jina lake, siku ya wageni nataka kumsalimia.

Nimekuwekea humu ukurasa nilioutoa kwenye atlasi yangu ya shule. Bunagana, Rubaya, Sake, Goma, Bukavu, Uvira, zote nimezizungushia penseli, na barabara ya kutoka Goma mpaka Rusumo nimeipigia mstari. Uufiche vizuri usilowe mvua.

Mama yako anauliza kama mnaruhusiwa kuletewa karanga za kukaanga. Nijibu hilo upesi, ameshaanza kuzichambua.

Baba yako