Samaki 15 kwenye tangi la lita 80? Hapana, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu mapambo ya ofisi na hoteli. Mwandishi wenu alipofika kwenye akwariamu ya maji ya chumvi, ile yenye mawe ya matumbawe ndani, alisema tangi la lita 80 linabeba samaki 15 wadogo bila shida. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nasubiri friza ya mteja iyeyushe barafu, na nikairudia mara tatu. Mimi ni fundi friji, karakana yangu ipo Sakina hapa Arusha. Tangi kama hilo ninalo sebuleni, huu ni mwaka wa nne. Lina samaki watatu.

Nami nilianza kwa wingi, kwa hiyo simcheki mtu. Duka lililoniuzia sitalitaja. Tangi lilikuwa la sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Ukizidisha unapata lita 96, lakini ukiacha vidole vichache juu na ukipanga mawe, maji yenyewe ni kama 80. Nilimuuliza kijana wa dukani niweke samaki wangapi. Akanijibu, "Hawa bado watoto, mzee wangu, hata kumi wanakaa." Nikachukua wanane siku hiyo hiyo: watatu wa milia meusi na meupe, wawili wa rangi ya waridi wenye mstari mweupe mgongoni, kitatange mmoja, na kangaja wawili wa bluu, wale wa kwenye katuni, maana wajukuu walikuwa wanakuja likizo.

Kangaja wa kwanza alikufa siku ya sita. Wa pili siku ya nane, na kitatange akamfuata kesho yake. Nilipopiga simu dukani nikaambiwa labda maji yangu ni machafu. Maji yalikuwa maangavu kuliko ya kunywa! Nilikuja kuelewa baadaye kwamba uchafu wenyewe hauonekani. Samaki hutoa amonia, tena sehemu kubwa kupitia matamvua, kila anapopumua. Baharini inapotea. Kwenye tangi kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa juu ya mawe na mchanga: kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye tangi jipya. Mimi niliweka midomo minane siku ya kwanza. Halafu maji ya chumvi yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya 8 na kitu, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia nyingi zaidi inavyokuwa katika ile hali inayoua. Ndiyo maana mtu aliyezoea samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, akihamia kwenye chumvi na hesabu yake ile ile, anazika.

Lakini hayo yanatokea hata Dar es Salaam. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo letu sisi wa huku juu.

Kila anayepika Arusha anajua maharage yetu yanachelewa kuiva kuliko ya Tanga. Tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15. Maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Mimi nafanya kazi na geji za mgandamizo kila siku, na bado sikuwahi kuhusisha jambo hilo na samaki. Oksijeni inaingia kwenye maji kwa kusukumwa na hewa iliyo juu yake. Hewa ikisukuma kwa nguvu pungufu, oksijeni inayoingia nayo inapungua kwa kiasi hicho hicho. Jumlisha kwamba maji ya bahari kwa asili yake hubeba oksijeni pungufu ya maji yasiyo na chumvi kwa karibu moja ya tano, na kwamba samaki wa matumbawe wanataka maji ya vuguvugu, nyuzi 25 au 26, na maji ya vuguvugu nayo hubeba kidogo kuliko ya baridi. Hapo bado hujatia samaki hata mmoja. Hesabu ya 15 hata pwani ni kubwa mno, seuze Arusha.

Nilijifunza hilo saa tisa usiku. Umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, na ukimya ule ndio ulioniamsha. Nilipomulika tochi niliwakuta wote watano waliobaki wapo juu kabisa, midomo imetoboa uso wa maji, matamvua yanapiga haraka haraka. Nikachukua jagi, nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, nachota namwaga, nachota namwaga. Mke wangu alinishikia tochi hadi mkono ukamchoka, akasema, "Baba watoto, hawa wangekuwa kuku ungeshawachinja tukalala." Umeme ulirudi karibu na saa mbili asubuhi. Alikuwa amebaki mmoja tu, wa milia.

Siku hizi nina betri ya pikipiki na pampu ndogo ya hewa pembeni. Samaki watatu wanavumilia kukatika kwa umeme usiku kucha. Wale watano hawakuvumilia saa tano.

Yule wa milia aliishi peke yake miezi miwili, bakteria wakatulia, vipimo vikasoma sifuri ya amonia. Nikanunua tena wale wa waridi wawili. Kumbe mwenzangu alishalifanya tangi zima shamba lake la urithi. Siku ya pili mkia wa yule mdogo ulikuwa umechanika kama pindo la kanga kuukuu. Nikaamua kumtoa yule wa milia. Samaki wa ukubwa wa kiberiti, ndani ya mawe, humkamati kwa wavu, jaribuni muone. Ilinibidi nitoe jiwe moja moja na kulitia kwenye ndoo, mawe kumi na moja, mchanga umetifuka, maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Jiwe la mwisho likatoka, samaki hayupo. Nimesimama pale mikono inachuruzika, nasikia kitu kinapiga ndani ya ndoo. Alikuwa kwenye tundu la jiwe la tatu muda wote ule. Nilimpeleka kwenye hoteli moja ninayotengeneza friza zao, wana tangi kubwa kuliko kitanda changu. Kumrudisha baharini sikutaka, samaki akishakaa tangini anaweza kupeleka magonjwa kule.

Kwa hiyo mpangilio una maana kama idadi. Mpole anaingia kwanza, mkorofi mwisho, na kati ya samaki mmoja na mwingine subiri wiki tatu au nne ili bakteria waongezeke kulingana na mdomo mpya. Na anayeanza asitumie samaki kuwakuza bakteria kama nilivyofanya mimi kwa ujinga. Kamba mmoja mbichi ndani ya soksi ya zamani, aachwe aoze humo tangini, anatoa amonia ya kutosha. Nyumba itanuka siku chache. Mtavumilia.

Mwandishi wenu pia aliandika kwamba maji yakipungua "unaongeza maji ya chumvi". Naomba sana hilo lisahihishwe, kwa sababu mimi nililifanya. Januari, jua kali na hewa kavu, tangi langu hupoteza karibu lita moja kwa siku. Kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Niliongeza ya chumvi kwa wiki mbili, na kipimo cha chumvi kinachotakiwa kusoma 1.025 kikasoma 1.031. Yanayofidia ni maji yasiyo na chumvi. Lakini si ya bomba, kwa sisi wa Arusha. Floridi ya maji yetu inajulikana, wengi wetu tunaibeba kwenye meno. Ukiongeza maji hayo kila siku, maji yanapaa na floridi inabaki inajikusanya. Mimi hukinga ya mvua, baada ya ile mvua ya kwanza kuosha bati.

Kuna kosa jingine ambalo ni la kifundi kabisa, naona aibu kidogo kulisema. Niliona maji yanayodondoka kwenye AC ya ofisi fulani, nikajiambia haya ni kama maji ya betri, yametokana na mvuke, masafi, tena bure. Nikakinga dumu zima. Nilikuwa na kamba wawili wadogo wasafishaji, wenye sharubu nyeupe. Walikufa ndani ya siku mbili na samaki hawakuguswa. Mabomba ya AC ni ya shaba, na shaba kidogo sana tu inaua kamba, konokono na matumbawe. Mimi, ninayechomelea shaba tangu mwaka 1996!

Watatu nilionao nawaeleza kwa ufupi, maana hapa nitajaza gazeti. Wawili ni wale wa waridi, wapo wengi kwenye miamba yetu ya Zanzibar na Mafia. Baharini hulala ndani ya kiumbe kinachofanana na ua, chenye vidole vinavyochoma samaki wengine, lakini wakiwa na mawe ya kutosha wanaishi bila hicho, na tangi dogo halikifai kwa sababu kinataka mwanga mkali na kinatembea. Yule mkubwa ndiye jike. Akifa, dume lililobaki hugeuka jike. Mke wangu huwasimulia wageni habari hiyo kwa furaha nisiyoielewa.

Wa tatu ni samaki wa mchangani, mwembamba kama kidole, na ana mpangaji: kamba mchimbaji asiyeona vizuri. Kamba anasukuma mchanga nje kama tingatinga, samaki amekaa mlangoni analinda. Kila kamba anapotoka anaacha sharubu moja imegusa mwili wa mwenzake. Samaki akitikisa mkia, kamba anarudi ndani kinyumenyume, na hatari ikikaribia samaki naye anaingia kichwa mbele. Nikitoka kazini nimelowa gesi na grisi, nakaa mbele ya shimo hilo nusu saa. Kwenye tangi la samaki 15 wale wasingetoka kabisa.

Kuhusu kangaja wa bluu, aliyesifiwa kwenye makala: dukani ana sentimita nne, akikua anafika 30. Tangi langu lina urefu wa 60. Kitatange naye, wengi wa jamii yake hula matumbawe hai, kwenye tangi wanakonda huku chakula kinaelea mbele yao. Hawa si kuku wa kisasa waliototolewa kwenye mashine. Sehemu kubwa ya samaki wa matumbawe wanaouzwa wametolewa kwenye miamba yenyewe, na miamba yetu imeshapigwa na joto la mwaka 1998 na baruti za wavuvi haramu. Wanane wangu walisafiri usiku kucha ndani ya deli, juu ya basi, na saba wakafia hapa Sakina.

Makala imeahidi sehemu ya pili Jumamosi ijayo. Naomba ile 15 iondolewe, iandikwe wawili au watatu kwa lita 80, nao waingie mmoja mmoja au jozi, kwa miezi. Na mwambieni mpiga picha wenu kwamba yule samaki mnene mwenye meno, kona ya kushoto ya picha, ni kikande. Maelezo chini ya picha yanasema tangi hilo lina kamba wanne. Nimelitazama kwa miwani ya kusomea na kwa lenzi ninayosomea namba za kompresa. Kamba simwoni hata mmoja, na kikande anaonekana ameshiba.

Fundi friji,
Sakina, Arusha