Kabla Hujaivuta Hiyo Boti

Swahiba,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Huku sote wazima, ni kazi tu zinazotukimbiza. Ujumbe wako kuhusu boti unayopewa bure pamoja na trela yake nimeupata, na picha nimezitazama. Boti nzuri, sikatai. Ila umenipigia picha za boti kila upande, ndani na nje, halafu ya trela ni moja tu, tena nusu yake imefunikwa na majani. Hayo majani ndiyo niliyoyakodolea macho. Umeuliza kama gari lako litaweza kuivuta. Gari litaweza. Mimi nina wasiwasi na trela.

Tuanze na boti yenyewe, maana umeshaipenda na mtu akishapenda haoni. Anayegawa boti bure mara nyingi hagawi boti, anagawa usumbufu wa kuiondoa. Faiba, ile plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, si chuma useme utaiuza chakavu. Haiozi, na ukiichoma unajivutisha sumu wewe na majirani. Ikishaingia uani kwako, siku ya kuitupa gharama ni yako. Kwa hiyo mara ya kwanza usiende na gari la kuvutia. Nenda na bisibisi, tochi, nyundo na jeki. Ule ukuta wa nyuma ambapo mashine inafungwa una mbao ndani ya faiba, na mbao hiyo hulowa kupitia matundu ya boliti. Ugonge kwa mpini wa bisibisi ukianzia juu kushuka. Mlio mkali na mkavu ni heri. Mlio mzito, uliokufa, jua mbao imeoza. Kisha ikamate mashine kwa chini uitikise kwa nguvu. Ukiona ukuta wa nyuma unacheza pamoja nayo, mshukuru mwenye boti urudi nyumbani, na barua hii uichane.

Karatasi za umiliki nazo usizipuuze eti kwa sababu ni zawadi. Mwenye nayo akuandikie mbili, moja ya boti na moja ya trela, kwani hizo ni mali mbili zenye nambari mbili. Nambari ya boti hukaa nyuma, upande wa kulia ukiwa umesimama kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, unaangalia omo, yaani mbele. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina herufi na tarakimu 12. Ilinganishe na iliyo kwenye kadi. Isipolingana, au ukikuta imekwanguliwa, usiiguse hata ukibembelezwa.

Sasa trela. Tairi zisikudanganye kwa meno yake. Trela ya boti hukaa miaka imesimama, kwa hiyo meno hayaliki. Kinachokufa ni mpira wenyewe, unapasuka pembeni kwa jua. Tafuta ubavuni mwa tairi maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Zikiwa tatu, tairi hiyo ni ya kabla ya 2000, na hata wakati wa kuijaza upepo usisimame karibu nayo.

Lakini tairi mbovu utaiona. Kinachowaacha watu njiani ni beringi, kile chuma cha ndani kinacholiwezesha gurudumu kuzunguka. Watu wakifika ufukweni, habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, imetoka safari ikiwa ya moto, nao wanaizamisha hapohapo kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji. Trela ikishaegeshwa na maji hayo, hasa yakiwa ya chumvi, kutu hula chuma taratibu na kwa nje hakuna dalili yoyote. Piga jeki gurudumu moja, lishike juu na chini ulitikise, kisha ulizungushe utege sikio. Likicheza au likikwaruza, fungua kikofia cha katikati. Grisi nzima ina rangi yake ileile iliyotoka nayo kwenye kopo. Iliyoingia maji huwa nyeupe kama maziwa, na ukiisugua kati ya vidole utasikia chenga za kutu. Kubadilisha beringi si kazi kubwa. Nambari imechongwa kwenye chuma chake, unaisoma unaenda kununua. Trela ndogo nyingi za Marekani hutumia L44649, kwa mfano, na habu nzima yenye beringi ndani huuzwa tayari. Ila ukikuta duara la ndani la beringi limegandana na ekseli (chuma kinachobeba magurudumu), au ekseli yenyewe imechimbika, hapo tena si habari ya beringi.

Chasi igonge kwa nyundo, hasa vile vyuma vyenye uwazi ndani. Hivyo huoza kutoka ndani na rangi ya nje ikabaki inang'aa. Nyundo ikizama, au kutu ikimwagika vipande vipande, umemaliza uchunguzi. Na kwenye ile picha moja uliyonitumia, springi ya kushoto imekaa bapa kuliko ya kulia, tairi yake imeegemea kwa ndani. Hiyo naiona ni springi iliyokatika, au boliti inayoishika kwenye ekseli imeliwa.

Najua utaniambia tuifunge waya, tuivute polepole usiku barabara ikiwa tupu. Usifanye. Gurudumu likichomoka haliulizi ulikuwa unakwenda kasi gani, na linakwenda kumtafuta mtu asiyehusika.

Mimi ningeitoa boti hapo bila kuizungusha trela hiyo barabarani hata kidogo. Njia nyepesi kuliko zote ni lori la kubebea magari mabovu, lile ambalo kitanda chake hulala mpaka chini na lina winchi, mashine ya kuvutia mzigo kwa kamba. Boti na trela vinapandishwa pamoja vilivyo, na gurudumu likigoma linaburuzwa juu ya mbao iliyopakwa sabuni. Dereva atataja bei utashtuka. Jumlisha kwanza tairi mbili, habu mbili, springi na siku zako za kulala chini ya chuma chenye kutu, ndipo uendelee kushtuka. Pima tu kimo kabla hajaja: boti juu ya trela, trela juu ya lori, mita 3 zinapitwa upesi, na kuna nyaya na matawi njiani. Upana vilevile, nchi nyingi hazitaki mzigo uzidi mita 2.5 na kidogo bila kibali.

Kama ingekuwa karibu na maji na haivuji, ungeielesha itoke kwenye trela mbovu na kuipokea kwa nzima. Kwa ulivyonieleza iko mbali na maji, kwa hiyo lori likishindikana tutaazima trela nzima na kuihamisha boti palepale kwa magogo. Hapo kuna ufundi ambao watu huufanya kinyume. Tairi zijaze upepo kwanza ili trela inyanyuke. Shusha pua ya trela, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, mpaka chini kabisa, nyuma itapanda. Hapo ndipo unapopanga magogo chini ya tezi, kwenye pembe mbili zilizo imara. Sasa inua pua kwa jeki. Nyuma ya trela itashuka, lakini boti itabaki imekalia magogo, na mbele itapanda. Panga mengine chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, upande wa omo, legeza mkanda wa winchi, kisha shusha pua tena na utoe upepo kwenye tairi. Trela inaachana na boti. Unaivuta mbele kidogo kidogo, na kila chuma cha kukingama kikifika kwenye gogo unaweka gogo jingine upande wa pili kabla ya kulitoa lile la kwanza.

Magogo yapangwe kwa kukingamana, safu juu ya safu. Tofali za saruji zenye matundu usizilete hapo, hizo hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Uzito ukae kwenye mkuku na zile pembe za nyuma. Magogo ya ubavuni ni ya kuzuia isilale upande tu. Ukiona faiba inabonyea juu ya gogo, umekosea mahali, sogeza. Na mtu asiingize mwili chini, hata kama kilichodondoka ni simu yake.

Kabla ya yote hayo, zibua nguzi, lile tundu la kutolea maji chini ya boti. Lita 200 za maji ya mvua ni kilo 200, na boti iliyoachwa wazi inaweza kuficha mengi kuliko hayo chini ya sakafu. Inua omo, uyaache yatoke kwa nyuma mpaka yakome yenyewe. Mashine ivue uibebe kivyake. Ya nguvu za farasi 40 inapita kilo 70, na zote zinaning'inia mahali pabaya. Petroli ya zamani itoe, kisha acha chombo kipigwe upepo vya kutosha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na nakujua wewe na grenda yako ya kukatia chuma, yenye kurusha cheche. Nati zilizogoma zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, uzifungue kwa spana na kipande cha bomba. Grenda iwe ya mwisho kabisa, tena mbali na boti.

Ikishakaa kwenye trela ya kuazima, angalia uzito unaoangukia kwenye kiungo cha kuvutia nyuma ya gari. Uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya boti na trela kwa pamoja: mzigo wa kilo 800, basi kilo 40 hadi 80, na mizani ya kujipimia mwili itakuonyesha ukiiweka chini ya pua ya trela. Ukiwa pungufu ya hapo trela itaanza kupepesuka nyuma yako, na ukikanyaga breki ndiyo inazidi. Mbele mkanda wa winchi pamoja na mnyororo wa akiba, nyuma mikanda miwili inayovuta kwenda chini. Winchi peke yake haijafunga boti. Baada ya kilomita 10 simama ukaguse habu. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja juu yake, safari imeishia hapo.

Shemeji kusema haitaki uani kwake, mimi namuunga mkono mpaka nisikie habari za ule ukuta wa nyuma. Mwambie hivyo, labda atanipunguzia lawama.

Kata hayo majani unipigie picha ya springi ya kushoto, habu zote mbili zikiwa wazi, na zile tarakimu za tairi. Karatasi zikishapatikana nitajie siku. Jeki na magogo ninayo. Wewe tafuta watu watatu wasio na haraka.

Ni mimi yuleyule,
rafiki yako