Wifi, miezi sita yako inaanza Septemba

Wifi yangu,

Tangu siku ya khitma ya marehemu kaka hatujasemezana, na hata simu yangu ya Idi najua uliiona ikiita ukaiacha. Ningekuandikia faragha lau ningekuwa na hakika kwamba barua utaifungua. Kwa kuwa sina hakika hiyo, naandika hapa, mahali ambapo wanao watasoma na watakufikishia. Septemba unatimiza miaka 65, na hilo ndilo lililonitoa kwenye kimya changu.

Kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, utaipata, na kwa kuwa umefanya kazi hapa Marekani zaidi ya ile miaka kumi inayotakiwa, Sehemu A, ya kulazwa, hutailipia ada ya mwezi. Sehemu B, ya madaktari, mwaka huu wa 2026 ni dola 202.90 kila mwezi. Ukishatoa mfukoni dola 283 za mwanzo wa mwaka, kwa huduma nyingi Medicare hubeba asilimia 80 na wewe unabaki na 20. Watu wakisikia 20 huona ni kidogo, lakini asilimia hiyo haina kikomo, wifi. Ya kumwona daktari mara moja haiumi; ya dawa za saratani za kudungwa mwaka mzima inaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima. Bima ya ziada, ile wanayoiita Medigap, ipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo. Mipango yake huitwa kwa herufi, na hapa Texas Mpango G wa kampuni moja unalipa matibabu yale yale yanayolipwa na Mpango G wa kampuni nyingine, kwa hiyo linganisha bei, usikubali kuuziwa jina.

Na kwa miezi sita tu, kuanzia mwezi unaotimiza 65 ukiwa tayari na Sehemu B, kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya sukari na presha. Muda huo ukipita, wana ruhusa ya kukuuliza maradhi yako moja baada ya jingine, na kwa hiyo sukari yako jibu lao nalijua.

Haya yote nilimwandikia kaka mwaka 2022. Unaikumbuka bahasha ya kaki, niliyoijaza hesabu kwa kalamu ya buluu usiku wa pili mfululizo baada ya zamu. Wakala alikuwa amekwisha kuja na ule mpango wake wa Advantage, wa kampuni binafsi inayoshika nafasi ya Medicare ya asili ya serikali, usio na ada ya ziada. Ulitoka jikoni na sufuria ya chai ya maziwa, bado inafoka, ukaitua juu ya bahasha yangu mbele ya wageni, ukasema: “Hii ya bure ina meno na miwani. Ya kwako ina nini zaidi ya kulipa?” Kaka alicheka kidogo, akaangalia pembeni. Nilipoichukua bahasha, duara la chai lilikuwa limekula nusu ya tarakimu.

Sisemi mlichagua vibaya kwa kila hali. Mipango ile ina kikomo cha matumizi kwa mwaka, jambo ambalo Medicare ya asili haina, na kaka alitengenezewa meno akafurahi. Lakini alipopata kiharusi mwaka 2024 na daktari akataka ahamishiwe hospitali ya mazoezi ya viungo, bima ilinyima kibali. Nilikuwa kando yako ukiisoma ile barua mara tatu, kidole kikifuata mstari. Tulikata rufaa tukashinda siku ya kumi na moja, na siku zote hizo mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tu juu ya shuka. Sisemi bima ndiyo iliyomuua. Siku zake zilikuwa zimefika.

Ila siku ya khitma ulisema mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele kwamba mimi nilijua nikawaacha. Niliwaambia! Bahasha ninayo hadi leo, na duara lake.

Kuna jambo moja ambalo sikuwaambia. Aliyeingia Advantage mara tu alipotimiza 65 ana miezi 12 ya majaribio, na ndani yake anaweza kurudi kwenye Medicare ya asili na kununua bima ya ziada bila kuulizwa ugonjwa. Nililijua hilo. Niliuona mwaka wa kaka ukienda, na kila nilipotaka kushika simu niliikumbuka sufuria. Nilijiambia kwamba mtu mzima haambiwi mara mbili. Kwa hiyo uliposema nilijua nikawaacha, nusu yake ilikuwa kweli, na ndiyo sababu niliondoka bila kula.

Najua pia unataka kwenda Tanga kukaa na mama. Medicare yenyewe hailipi hospitali za Tanzania. Mpango G, na ule wa N wenye ada nafuu kidogo, hulipa asilimia 80 ya dharura ya nje ya nchi baada ya dola 250 za kwanza, lakini kwa dharura inayoanza ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, na kwa maisha yako yote haizidi dola 50,000. Ukikaa miezi sita, minne ya mwisho ni juu yako, basi weka fedha pembeni. Bima ya dawa, Sehemu D, uikate mbali na usiicheleweshe, kwa maana faini yake huandamana nawe.

Na ukiona ada ya Medigap inakulemea ukachukua Advantage, sitanuna. Miezi yako 12 nitaihesabu mimi, na wa kumi ukifika nitakupigia, upokee usipokee.

Jumamosi nitakuja na hesabu mpya. Nitabisha hodi mlango wa nyuma kama zamani, na usipofungua nitaiacha karatasi chini ya chungu cha mrehani.

Wifi yako