Likizo ya Juni: Bagamoyo inafikika kwa baiskeli

Mhariri,

Shule zikifungwa Juni, familia nyingi za Dar hukodi gari kwenda Bagamoyo. Baiskeli inatosha kwa wenye mazoezi: ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Posta, na msimu huu upepo wa kusi hukusukuma kuelekea kaskazini. Kurudi ndiyo kazi. Heri kulala huko, kisha urejee kwa basi. Patana mapema nauli ya baiskeli, ung'oe gurudumu la mbele.

Ondoka kukipambazuka. Mwenge hadi Tegeta foleni ikishaanza, pikipiki hazikuachii pembeni. Ukipita Bunju, jihadhari na malori na ukingo wa lami uliomeguka.

Pancha nyingi ni uzembe wa kujaza upepo. Tairi likiwa laini, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe, ikatoboka matundu mawili sambamba. Jaza kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Beba tyubu mbili, viraka, gundi na pampu. Kabla ya kuvisha tyubu mpya, papasa ndani ya tairi: mwiba ukibaki, utaziba pancha tena mbele kidogo. Maji, nusu lita hadi lita moja kwa saa, kwenye chupa ya kujazwa tena.

Kaole, kusini kidogo mwa mji, ina magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Anzieni hapo, kisha Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868.

Wizara ya Maliasili na Utalii nayo ingeweka vyuma vya kufungia baiskeli kwenye geti la Kaole. Gharama yake ni ndogo mno.

Msomaji, Tegeta, Dar es Salaam