Kukaza shingo: kwa nini bei yetu ina mwaka mzima ndani yake

Mwezi uliopita mteja mmoja wa kliniki yetu aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba amepigwa hela. Alifanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi na misuli ya shingo iliyolegea, akalipa yote, na sasa wiki ya 6 mstari wa mshono nyuma ya sikio umekuwa mgumu, mweusi na unawasha. "Waliniambia kovu halitaonekana," akaandika. Hatukumwambia hivyo. Kila penye kisu pana kovu, na anayekuahidi vinginevyo anataka hela yako. Tulichomwambia ni kwamba kovu litawekwa mahali pa kujificha, na kwamba kulituliza ni kazi ya mwaka mzima ambayo nusu ni yetu na nusu ni ya kwake. Miadi ya wiki ya 4 hakuja. Foleni, alisema.

Malalamiko haya si ya kwanza, kwa hiyo tuyaandike hapa tuache kurudia maneno yale yale kwenye simu.

Wengi wanadhani shingo inakatwa shingoni. Kuna mkato mdogo chini ya kidevu, kama sentimita 3, na daktari wetu anauweka nyuma kidogo ya ule mkunjo wa asili. Ukikata ndani ya mkunjo wenyewe, kovu linaizamisha ngozi na kidevu kinabaki na mfereji. Kupitia hapo anapunguza mafuta na kuishona pamoja katikati misuli ya platizma, ile bapa ya mbele ya shingo, ambayo ikilegea ndiyo inayoleta zile kamba mbili za wima. Mkato mwingine unazunguka ndewe ya sikio, unapanda kwenye mkunjo wa nyuma ya sikio, kisha unaingia kwenye nywele. Huko ndiko ngozi iliyozidi inakotolewa. Kwenye nywele kisu kinalazwa mshazari ili mashina ya nywele yaliyobaki chini yachipue katikati ya kovu na kulifunika. Kwa mwanamume mwenye ndevu, mstari wa mbele ya sikio ukihitajika unawekwa tofauti na wa mwanamke, la sivyo atajikuta ananyoa ndevu sikioni.

Kabla ya hayo tunauliza swali ambalo watu wanaliona la saluni: unasukaje? Anayebana nywele juu, anayenyoa kipara na anayevaa ushungi kila siku hawawezi kuchorwa mstari mmoja. Na tunachora mteja akiwa amekaa, kwa sababu akilala chali shingo inajinyoosha na kila kitu kinahama. Kuchora kunachukua muda. Kuna bwana mmoja aliuliza kama na kuchorwa kwa kalamu anatozwa. Ndiyo, unatozwa, na ni katika hela zako zilizotumika vizuri kuliko zote.

Kovu pana mara nyingi ni ngozi iliyovutwa. Fundi cherehani anayejua kazi anakaza bitana, kitambaa cha juu kinakaa chenyewe. Vivyo hivyo msuli ndio unaobeba mzigo, ngozi inafungwa bila kulazimishwa. Anayetaka kumaliza mapema anauacha msuli, anavuta ngozi, anakata, anashona. Siku ya 10 mteja anapiga picha na kuirusha mtandaoni. Miezi inavyokwenda mshono unapanuka, na ndewe inavutwa chini mpaka inashikana na shavu. Tulimpokea dada mmoja aliyerudi hivyo kutoka nje, kwa kile kifurushi cha tiketi, hoteli na upasuaji kwa bei moja. Shingo ilikuwa imeshaanza kulegea tena, masikio yameshuka. Ilibidi asubiri karibu mwaka ngozi ilegee ndipo iguswe, na marekebisho yakala zaidi ya alichodhani ameokoa. Aliuliza kwa nini kurekebisha ni ghali kuliko kufanya mara ya kwanza. Kwa sababu ngozi ikishatupwa haiongezwi.

Kwenye sigara hatubembelezi mtu. Thomas Rees, mmoja wa madaktari watatu walioanzisha Flying Doctors, huduma ya madaktari wa ndege, Afrika Mashariki mwaka 1957, kule New York alikuwa bingwa wa kukaza nyuso. Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwa mvutaji uwezekano wa ngozi kufa baada ya upasuaji wa namna hiyo ni zaidi ya mara 12 ya asiyevuta. Ngozi inayokufa huwa ni ya nyuma ya sikio, kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na damu yake, na ikifa inaacha kovu ambalo hakuna mkunjo wala nywele zitakazolificha. Kwa hiyo wiki 4 kabla na wiki 4 baada hakuna sigara, hakuna shisha, hakuna ya umeme. Mzee mmoja mstaafu alituapia kwamba ameacha, asubuhi ya upasuaji shati lake likasema vingine. Tulimrudisha nyumbani, na alikwenda akifoka. Baadaye alirudi akiwa ameacha kweli, na leo kovu lake hulioni mpaka umkunje sikio.

Usiku wa kwanza unalala kwetu. Watu wanaona tunawaongezea bili ya kitanda. Damu kuvilia chini ya ngozi ndilo tatizo linalotokea zaidi kwenye upasuaji huu, na mara nyingi ni ndani ya saa 24 za kwanza, presha inapopanda. Damu hiyo isipotolewa mapema inaikandamiza ngozi kwa ndani, na hata ngozi ikipona inabaki na uvimbe mgumu. Ndiyo maana nesi anapita na kipimo cha presha usiku kucha, na ndiyo maana aspirini, vidonge vya kitunguu saumu na vya mafuta ya samaki vinasimamishwa mapema, kwa ruhusa ya daktari wako wa moyo kama unaye.

Ada inayotukanwa kuliko zote ni ya kutoa nyuzi. "Nesi wa mtaani atanitolea kwa elfu tano." Pengine atazitoa. Ila za kuzunguka sikio zinatoka siku ya 5 hadi ya 7, za kwenye nywele zinafika hata ya 10, na zikicheleweshwa zinaacha vidoti pande zote mbili za mstari ambavyo havifutiki. Halafu kuna namna ya kukata. Fundo unalinyanyua kwa kibanio mpaka uone kipande cheupe cha uzi kilichokuwa ndani, unakata hapo hapo kwenye ngozi kwa ncha ya wembe, kisha unavuta kuelekea kwenye mshono. Ukikata katikati ya fundo na ngozi, uzi wa nje, wenye jasho na gaga, unauburuta chini ya kidonda chote. Ukivuta kwa kuachana na mshono, unaufungua. Sista wetu anafanya hivyo kwa kila uzi, nyuma ya sikio, taa ya kichwani imewaka. Si kazi ya kufanyia kwenye kochi.

Wiki ya 3 kidonda kinaonekana kimepona kabisa, na hapo ndipo watu wanatukimbia. Wakati huo mshono una nguvu kama asilimia 20 tu ya ngozi ya kawaida; hata ukifika miezi 3 ni kama 80. Mama mmoja mwenye duka Kariakoo alikuwa na harusi ya binti yake wiki hiyo hiyo. Akasuka, mistari ya kuvutwa mpaka macho yanapanda. Nywele zilipendeza. Mshono wa upande wa kushoto, ambao ndio msusi aliuvutia zaidi, sasa una upana wa karibu nusu sentimita, na wa kulia ni uzi. Kichwa kimoja, daktari mmoja, siku moja.

Kuanzia wiki ya 6 hadi mwezi wa 3 kovu linafika kwenye ubaya wake. Vitabu vinasema linakuwa jekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Linakuwa jeusi la zambarau, linang'aa, gumu ukilibonyeza, na linawasha. Muwasho ndio tunaousikiliza sana. Ni mwili bado unajenga, utakuja kutulia, ila unachukua miezi 12 hadi 18. Kazi ya kipindi hiki ni silikoni, saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 3 si chini ya hapo. Kwa joto la Dar plasta ya silikoni inabanduka kwa jasho na wengine wanapata vipele, kwa hiyo tunawapa jeli ya mchana na plasta ya usiku. Plasta hiyo inaonekana ghali mpaka ujue haitupwi: inaoshwa kwa sabuni laini, inaanikwa, inabandikwa tena kwa wiki kadhaa. Juu yake, krimu ya kukinga jua. Mwenye ushungi amebahatika, mradi kitambaa cha ndani kiwe cha pamba na pini zikae mbali na mshono.

Badala ya hayo, watu wanapaka mkorogo. "Nataka weusi uondoke." Mkorogo mwingi una steroidi kali, na steroidi inayopakwa ovyo inakondesha ngozi ambayo sisi tunahangaika kuiimarisha. Anayeutumia usoni na shingoni tunataka ajitaje kabla ya upasuaji, hatumsemi kwa mtu. Ndimu ni mbaya kwa njia yake: ukiipaka kisha ukatoka juani ngozi inaungua na kuacha doa jeusi kuliko ulilotaka kulitoa.

Njia ya mkato iliyotugharimu muda zaidi mwaka huu ni sindano. Kovu likinyanyuka na kugoma, daktari anachoma triamsinoloni, steroidi ya kulisinyaza kovu, kidogo kidogo, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Dada mmoja akaona bei ya kichupa dukani, akaona bei yetu, akaamua kuchomewa mtaani. Aliyemchoma alipita chini ya kovu, kwenye mafuta. Alikuja na kovu limenyanyuka vile vile, pembeni yake shimo na baka jeupe. Shimo linajaa taratibu, baka linarudi rangi taratibu, na yeye analipa miadi ya kuangalia tu. Kichupa ni bei rahisi kweli, hatubishi.

Keloidi ni habari nyingine, kwa sababu yenyewe inavuka mipaka ya kidonda na haitulii baada ya mwaka. Ndiyo maana siku ya kwanza tunaangalia ndewe zilizotobolewa, bega lenye kovu la chanjo, kifua, chale kama zipo, na mshono wa uzazi. Mwenye keloidi sikioni tunamwambia asifanye upasuaji huu, hapa wala kwingine. Kuna waliotuona tunawabania. Kliniki inayokataa hela yako haijakupiga.

Basi bei yetu ina hivi: kuchora, upasuaji, usiku wa kwanza, kutoa nyuzi, silikoni ya miezi 3, na miadi hadi mwezi wa 12, kila mara kwa picha ileile, taa ileile, rula pembeni. Ukitaka tukate miadi ili bei ishuke, hatukati. Aliyefanyiwa kwingine tunampokea kwa ada ya miadi tu, ila aje na ripoti ya upasuaji, si picha za tangazo, na aje kabla hajapaka kitu.