Maharagwe, ziara ya zimamoto na Siku ya Watoto

Wapendwa wazazi na walezi, habari za jioni.

Wiki hii watoto wetu wanaotesha maharagwe kwenye vikopo vyenye pamba iliyoloweshwa, na nilipopita darasani leo asubuhi nilimkuta mtoto mmoja amekiinua chake usawa wa jicho, akimwonyesha mwenzake mzizi mweupe uliotangulia kushuka kabla jani halijachomoza. Nawasihi tusiwabadilishie mbegu iliyooza kwa nyingine iliyostawi. Mwalimu anataka waandike walichokiona wenyewe, na mbegu iliyokataa kuota ina mafunzo yake, kwa kuwa huenda ilizidishiwa maji ikakosa hewa.

Ziara ya kituo cha zimamoto ni Alhamisi. Fomu za ruhusa zilizotiwa saini zimfikie mwalimu wa darasa kabla ya Jumatano, maana mtoto asiye na fomu hatapanda basi, na kwa kweli itaniuma kumwona mmoja akibaki. Mwenye mzio au dawa za kila siku aandikiwe humo.

Tarehe 20 Novemba ni Siku ya Watoto Duniani, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Mtoto mwaka 1959, na kisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989. Darasa letu litaigiza kifungu cha 31 cha mkataba huo, kinachotambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na mazoezi yameshaanza. Nahitaji wazazi wawili wa kupanga viti; walio tayari waniandikie hapa kundini.